Safari ya Mapumziko: Na Mama Naye Apumzike

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyeufanya usiku kuwa utulivu na mchana kuwa wa kutafuta maisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Sikukuu za serikali zinapokutana na mwisho wa juma, kama vile Mashujaa tarehe 20 Oktoba au Jamhuri tarehe 12 Disemba, jamaa nyingi za hapa pwani hupata siku tatu, pengine nne, zisizo na kazi wala skuli. Zamani siku hizo zilikuwa za harusi, za maulidi, au za kwenda kuwajulia hali wazee mashambani. Siku hizi imezuka ada mpya. Watu hukodi gari la kulala, lile lenye vitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, wakaenda nalo mpaka shamba la mtu lililo karibu na bahari, wakaliegesha chini ya miembe, na hapo ndipo nyumba yao mpaka siku ya kurudi. Mahali ni pa kimya, upepo ni mwema, watoto huona ng'ombe akikamwa na nazi ikianguliwa. Ni jambo la kupendeza, na mwenye uwezo hana lawama.

Dada mmoja msomaji wa safu hii ameniletea maswali matatu juu ya safari ya namna hiyo. Mumewe na ndugu wa mumewe wamekusudia kukodi gari hilo Mombasa na kwenda shamba moja lililo kaskazini ya Malindi, familia mbili pamoja, kwa muda wa siku tatu. La kwanza auliza: je, tutapunguza swala na kuzikusanya? La pili: tutaihifadhi vipi stara yetu, nasi ni wanaume wawili, wanawake wawili na watoto, na gari ni moja? La tatu ameliandika mwisho kabisa, kwa maneno machache, kana kwamba analionea haya. Asema kila safari ya mapumziko yeye hurudi amechoka kuliko alivyoondoka, kwa kuwa huko nako ndiye mpishi, ndiye muosha vyombo na ndiye mlezi. Je, akimwambia mumewe kwamba mara hii hataki kwenda, atakuwa amemuasi?

Nitaanza na hilo la mwisho, kwani mawili ya mwanzo yana majibu katika vitabu na kila mwanachuoni atakupa. Hili la tatu majibu yake yamo vitabuni vile vile, lakini ni wachache wanaoyafungua.

Tutangulize kwamba kupumzika si jambo geni katika dini yetu. Sahaba Handhala (R.A.) alipojishuku kuwa ni mnafiki, kwa sababu moyo wake hulainika akiwa mbele ya Mtume (S.A.W.) kisha hushughulika na mke na watoto akirudi nyumbani, Mtume alimtuliza na kumfahamisha kwamba moyo una saa yake ya hili na saa yake ya lile. Na Salman (R.A.) alipomkuta Abu Dardaa (R.A.) amezama katika ibada hata mkewe ameacha kujipamba, alimkumbusha kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa habari hiyo alimsadikisha Salman. Yatazameni maneno hayo vizuri: nafsi ina haki. Mama naye ana nafsi.

Sasa tuitazame hiyo safari kwa jicho la mama. Baba aliye dukani au ofisini akienda shamba hubadilisha mahali, na kazi yake huiacha nyuma. Mama hubadilisha mahali peke yake. Kazi humfuata, tena humfuata ikiwa imezidi uzito. Nyumbani ana jiko alilolizoea, maji ya mfereji, pengine na msichana wa kumsaidia. Ndani ya gari ana jiko dogo la gesi, karo ya kuoshea isiyozidi bakuli, maji ya kuhesabu, na watoto wanaopanda na kushuka na mchanga miguuni. Juu ya hayo, wapo wanaume wanaotaka mahamri na mbaazi asubuhi, na biriani mchana, na samaki wa kupaka usiku, kama kwamba hawakutoka mjini. Kisha husemwa: "Tumewatoa wake zetu matembezi."

Wanaodhani kwamba kazi hiyo ni faradhi ya mke na hapana la kuzungumza, wanawadhulumu wanawake na wanaidhulumu fikihi. Sisi watu wa pwani hii tunafuata madhehebu ya Imam Shafi (Rahimahullah). Katika madhehebu yetu kupika na kuosha si wajibu wa kisheria juu ya mke. Ni wema wake, na ni ada njema ambayo kwayo anapata thawabu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj, kitabu ambacho darsa zetu hazikikosi, kwamba mume anawajibika kumpatia mkewe nafaka, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kusagwa kwake na kuokwa kwake pia ni juu yake mume. Sisemi haya ili kesho wake wagome majikoni. Nyumba haisimami kwa kudaiana haki peke yake. Nayasema ili mwanamume ajue kwamba anachopewa kila siku ni hisani, na hisani hulipwa kwa hisani.

Na Mtume wetu (S.A.W.) alifanya nini? Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa juu ya mwenendo wake nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Hiyo ilikuwa nyumbani. Safarini mwenendo wake ulikuwa mpole zaidi. Walipokuwa wakirudi kutoka Khaybar, aliinama akaliweka goti lake ili Bibi Safiyya (R.A.) alikanyage apande ngamia. Aliyekuwa akiwaimbia ngamia, kijana Anjasha, alipowaendesha mbio na juu yao wamo wanawake, Mtume alimtaka aende taratibu, akawafananisha wanawake na vyombo vya kioo. Enyi mnaoshika usukani wa gari zito lenye vitanda na mitungi ya gesi katika barabara ya Malindi, mkiwapita malori kwenye kona hali ya kuwa mama nyuma amemshika mtoto kwa mkono mmoja na sufuria kwa mkono wa pili, hadithi hiyo inakuhusuni.

Tena alicheza na ahali zake safarini. Katika safari moja aliwataka watu watangulie mbele, kisha akashindana mbio na Bibi Aisha, na Bibi Aisha akamshinda. Siku zikapita, katika safari nyingine akafanya hivyo hivyo, na mara hii akashinda yeye, akamwambia kwa mzaha kwamba hiyo inalipia ile. Zipo faida mbili hapa. Ya kwanza ni kwamba mke naye ana fungu lake la furaha katika safari. Ya pili ni kwamba watu walitangulizwa kwanza. Furaha ilipatikana na stara ikabaki mahali pake.

Basi nini kifanywe? Kabla ya kuondoka, mume na mke wakae washauriane. Qurani Tukufu imetaja kuridhiana na kushauriana kwa wazazi hata katika jambo la kumwachisha mtoto ziwa, katika Suratul Baqara aya ya 233, seuze safari inayobeba nyumba nzima. Na siku ya Hudaybiya, masahaba walipozuiwa kuingia Makka na huzuni ikawashika hata wakachelewa kuchinja na kunyoa, ni Bibi Umm Salama (R.A.), akiwa ndani ya hema safarini, aliyemshauri Mtume (S.A.W.) atoke, asiseme na mtu, achinje na anyoe mwenyewe. Alifuata rai yake, na watu wote wakamfuata. Kama rai ya mke iliokoa siku kubwa kama ile, haitashindwa kupanga chakula cha siku tatu.

Katika mashauriano hayo kazi zigawanywe kwa majina. Chai ya asubuhi ni ya fulani, kuteka maji ni kwa fulani, vyombo vya mchana ni vya vijana, samaki wa jioni atachomwa na wanaume, na kuchoma samaki hakumshushi mwanamume daraja. Chakula kiwe chepesi: tende, mayai ya kuchemsha, mkate, matunda. Mahamri na viazi vya karai vinunuliwe kwa akina mama wa kijiji kilicho jirani, nao wapate riziki. Na katika kila siku itengwe nusu siku ambayo mama haulizwi kitu. Hatafutiwi kiatu cha mtoto wala haulizwi chumvi iko wapi. Alale, asome Qurani yake, aende ufuoni na mwenzake, apendavyo.

Na swali la dhambi? Dada yangu, safari ya matembezi si faradhi kwako wala kwa mumeo. Kumwambia kwa adabu kwamba umechoka, na kwamba kwa mpango ulivyo hutapumzika, si uasi. Ni nasaha, na dini ni nasaha. Usikae kimya ukaenda na kinyongo, ukarudi na kinyongo kikubwa zaidi. Mweleze kabla pesa ya gari haijalipwa. Nawe bwana wa nyumba, ukimsikia mkeo anasema hivyo, usiwe mwepesi wa kutaja nushuzi. Jiulize umemtayarishia nini.

Turudi sasa kwenye swali la kwanza, la swala.

Kwa madhehebu yetu safari inayoruhusu kupunguza ni ya marhala mbili, nazo ni farsakh 16. Wanavyuoni wa zama hizi wamezipima wakapata baina ya kilomita 80 na 90, kwa kutofautiana kidogo katika hesabu. Kutoka Mombasa mpaka Malindi ni kadiri ya kilomita 120, kwa hivyo mwenye kwenda Malindi au zaidi yake, kama Mambrui, amefikia kiwango. Kutoka Mombasa mpaka Kilifi ni kadiri ya kilomita 60 tu. Aendaye shamba la Kilifi au Takaungu, hata akilala humo gari siku tatu na akajiona msafiri kamili, ataswali rakaa nne kama kawaida na kila swala kwa wakati wake. Hapa wengi huteleza, wakidhani kulala nje ya nyumba ndiko kunakoleta ruhusa. Kinachotazamwa ni masafa.

Ruhusa huanza msafiri anapoyapita majengo ya mji wake, haianzi sebuleni. Swala zinazopunguzwa ni Adhuhuri, Alasiri na Isha, kila moja kuwa rakaa mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Nia ya kupunguza huwa pamoja na takbira ya kuhirimia. Adhuhuri yaweza kukusanywa na Alasiri, na Magharibi na Isha. Ukikusanya kwa kutanguliza, anza na swala yenye wakati, uwe na nia ya kukusanya kabla hujaimaliza hiyo ya kwanza, kisha uifuatishe ya pili bila ya kukawia. Ukikusanya kwa kuchelewesha, nia iwepo kabla wakati wa ile ya kwanza haujatoka. Na mkiingia msikiti wa Malindi mkaswali nyuma ya imamu mkaazi anayetimiza, nanyi timizeni. Anayemfuata mwenye kutimiza hapunguzi.

Anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, huwa mkaazi tangu anapofika na ruhusa humwondokea. Dada aliyeuliza anakwenda kwa siku tatu, kwa hivyo ruhusa yake yaendelea hata akiwa pale shambani.

Lipo jambo la Ijumaa. Likizo nyingi watu huzianza siku hiyo. Mwanamume ambaye Ijumaa ni wajibu kwake, kwa madhehebu yetu haimfalii kuondoka mjini baada ya kupambazuka alfajiri ya Ijumaa, ila akiwa na yakini kwamba ataiwahi swala njiani. Kwa barabara hii haina uzito: misikiti ya Ijumaa iko Mtwapa, Kilifi na Malindi. Pangeni saa zenu ili mwe mmeshafika msikitini kabla ya khutba, au ondokeni baada ya swala.

Swala ya faradhi isiswaliwe kwenye kiti gari likienda, maadamu dereva ni wenu na mwaweza kusimama. Simamisheni, tandikeni mkeka. Wala msitaabike sana na kibla. Makka kwa sisi wa pwani hii iko karibu kaskazini moja kwa moja. Ukisimama ufuoni, bahari ikawa upande wa bega lako la kulia, umeshakaribia, kisha hakikisha kwa jua au kwa dira ya simu.

Juu ya maji, tangi la gari ni dogo na wenye kutawadha ni wengi. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja na akikoga kwa pishi moja hadi mudd tano, na mudd hukaribia kibaba chetu, yaani chini ya lita moja. Birika moja ndogo inatosha, na mtoto afunzwe hivyo. Maji yakiisha, watu hukimbilia kutayamamu. Ruhusa ya kutayamamu yenyewe iliteremka safarini, pale Bibi Aisha (R.A.) alipopoteza mkufu wake, na jeshi zima likasimama kuutafuta mahali pasipo maji. Lakini kumbukeni kwamba nyinyi mko ufuoni. Bwana mmoja alimuuliza Mtume juu ya watu wanaopanda chombo baharini na maji ya kunywa ni machache, akamjibu kwamba bahari maji yake ni tohara. Kwa hivyo mwenye bahari mbele yake, naye aweza kuifikia bila ya dhara, hana njia ya kutayamamu. Atawadhe kwa maji ya chumvi, na yale matamu ayaache kwa kunywa na kupikia.

Ama swali la pili, la stara, hapa nasema kwa mkazo. Ndugu wa mume si maharimu wa mke. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya jamaa wa mume kuingia kwa mke, alimfananisha na mauti, na hakuna onyo kubwa kuliko hilo. Kwetu shemeji hufanywa kama ndugu wa kuzaliwa, na kwa ajili hiyo watu hughafilika. Ndani ya gari lenye upana wa hatua mbili, kughafilika kidogo ni kwingi.

Mpango ulio salama ni huu. Wanawake na watoto wadogo walale ndani ya gari na mlango ufungwe kwa ndani. Wanaume na wavulana wakubwa walale nje katika hema, na huko kulala kwao nje ni ulinzi kwa walio ndani. Watoto waliofika miaka kumi watengwe malazi, kama tulivyofundishwa. Mume asiende sokoni au kuteka maji akamwacha mkewe peke yake na nduguye. Waende wanaume wote wawili, au aende mmoja na wanawake wabaki wawili pamoja na watoto wao. Mwenye shamba aombwe kabla pahala pa kukogea penye kuta, hata pakiwa pa makuti. Wanawake wakitaka kuingia baharini, wawe na wakati wao na upande wao, na wanaume wakae mbali ya macho lakini si mbali ya sauti, maana bahari ina hatari. Na simu zenu zichungeni. Picha ya mke au binti akiwa amejinyoosha kwenye mkeka bila ya mtandio, ikirushwa kwa marafiki, huwafikia watu mia kabla hamjarudi mjini.

Lakini msitawanyike mno kwa kutaka faragha. Masahaba walikuwa wakishuka kituoni hutawanyika mabondeni, na Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kwamba kutawanyika huko ni katika kazi ya shetani. Tangu hapo wakawa wanakaribiana hata ikasemwa kwamba nguo moja ingetandazwa ingewaenea. Gari na hema viwe jirani, kila sauti isikike.

Kisha kuna haki za shamba na mwenyewe. Siku moja Mtume (S.A.W.), Abubakar na Umar (R.A.) walitoka majumbani kwa njaa, wakaenda shamba la Ansari mmoja. Mwenyewe alikuwa amekwenda kuteka maji matamu, na mkewe ndiye aliyewakaribisha. Aliporudi aliwaletea kishada cha tende, mbivu na kavu, kisha akashika kisu. Mtume alimtahadharisha asichinje mnyama mwenye maziwa. Walipokwisha kula na kushiba aliwakumbusha masahaba zake kwamba wataulizwa juu ya neema hiyo Siku ya Kiyama. Kisa hicho chatosha kuwa darsa ya kila mgeni wa shamba: kumhurumia mwenyeji asijidhuru kwa ajili yako, na kuikumbuka neema baada ya shibe.

Kwa hivyo embe lililoanguka si lako mpaka uambiwe ni lako. Dafu lina mwenyewe, na mkwezi wake ana ujira wake. Mbuzi wasifukuzwe kwa mawe na watoto. Wafanyakazi wa shamba na majirani, wengi wao ndugu zetu Wamijikenda, wasalimiwe na wasidharauliwe. Heshima ya Uislamu wataiona kwenu kabla hawajaisikia kwa mhubiri. Wahenga wetu wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nanyi mko shambani, jembe liko karibu. Mgeni ana ukarimu wa siku tatu, na haimfalii kukaa mpaka amtie mwenyeji dhikini.

Takataka mrudi nazo, na zaidi ya zote nepi za watoto. Mifuko ya plastiki serikali yetu imeipiga marufuku tangu mwaka 2017, lakini nepi bado huzikwa mchangani au huachwa chini ya mikoko, na mbwa huzifukua. Choo cha gari kimwagwe kwenye shimo la choo la mwenyeji kwa idhini yake. Mtume (S.A.W.) ametuonya tusijisaidie njiani, wala kivulini, wala kwenye maji ambayo watu huyaendea, na kumwaga huko ni kama kujisaidia huko.

Usalama nao ni katika dini. Tumekatazwa kupiga kambi juu ya njia usiku, kwa kuwa ni mapito ya wanyama na wadudu. Basi gari liegeshwe pembeni, na mbali na minazi yenye nazi zilizokauka. Msiliegeshe ufuoni. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo panapokuwa na bamvua, na maji ya pwani hii hupanda zaidi ya mita tatu baina ya kupwa na kujaa. Mwislamu anayefuata tarehe ya mwezi analijua hilo bila ya kuuliza mvuvi, ila kumuuliza mvuvi ni bora. Na kabla ya kulala, moto uzimwe. Mtume (S.A.W.) ameamrisha hivyo, akauita moto adui yetu. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe ndani ya gari kwa kukimbia mvua au kwa kufukuza mbu. Moshi wake usioonekana humuua mtu usingizini, yeye na wanawe, wala hapigi kelele. Mtungi wa gesi ufungwe, dirisha liachwe wazi kidogo, na chandarua kitundikwe.

Na mnapofika, msisahau dua ya kushuka kituoni. Ametupokelea bibi, Khawla bint Hakim (R.A.), kutoka kwa Mtume (S.A.W.): dua fupi ya kujikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia na shari ya alivyoviumba, na mwenye kuisoma hadhuriwi na kitu mpaka aondoke mahali hapo. Mfundisheni kila mtoto aisome mwenyewe anaposhuka garini.

Waume wenzangu, siku ya kurudi gari likishasafishwa na kurudishwa kwa mwenyewe, msimuulize mkeo amepika nini. Mtazameni uso. Hadithi imeeleza kwamba safari ni sehemu ya adhabu, humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Ikiwa katika siku zile tatu yeye peke yake ndiye aliyenyimwa, basi nyinyi mmestarehe na yeye amesafiri. Na nguo zenye mchanga zilizojaa katika ile mikoba, ziingizeni majini nyinyi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atusahilishie safari zetu, atuhifadhi njiani na majumbani, na ajaalie mapenzi na huruma baina yetu na ahali zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.